Uzinduzi wa Herufi Kubwa Mbele ya Ukuta Ulioandikwa MLANGO

(Mkurugenzi anapanda jukwaani, anagonga kipaza sauti, kinapiga mluzi, anakishukuru kwa ushirikiano.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye, baada ya wote tuliowaalika kupatwa na udhuru kwa pamoja, nimekubali pia kuwa mimi. Waheshimiwa Wafadhili wa Mradi, mlioketi kule nyuma kwa safu zilizonyooka, nyote mmevaa nyeupe, wala hamnong'onezani kama hawa wa mbele. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo, na makaimu wa wale waliokaimishwa. Ndugu Katibu Muhtasi wangu, unayenigeuzia kurasa. Ndugu Mchoraji, usijifiche nyuma ya spika, nakuona, au angalau naiona spika. Ndugu fundi mwashi. Ndugu zangu mafundi cherehani, wenye jengo hili. Na wewe Dada, mwenyekiti wao, uliyenitangulia kuzaliwa katika tumbo lile lile lakini leo itifaki imekuweka mwisho. Mabibi na mabwana, pamoja na watoto mliokuja kwa ajili ya soda: itifaki yote imezingatiwa, isipokuwa pale iliponitaja mimi mara mbili tu, na hapo nitarekebisha kadiri tunavyoendelea. (Makofi ya kupima hewa.)

Kwa wale wasionifahamu, na najua mpo, kwa sababu asubuhi mlinzi wa lango la idara yangu mwenyewe ameniomba kitambulisho, mimi ni Mkurugenzi wa Idara ya Michoro, Ramani na Mambo Mengine Yanayochoreka. Sijawahi kuchora. Nasema hivyo kwa fahari, kwa maana kocha hakimbilii mpira. Kazi yangu ni kutia sahihi, na sahihi yangu, waulizeni walioipokea, si ya mchezo: ina mkia unaoanzia chini kabisa ya karatasi, unapanda juu, unakwenda kando, kisha unateremka tena mpaka chini, kana kwamba umesahau kitu ulikotoka. Wenye wivu husema unapoteza wino. Mimi nasema kila mtu na alichojaliwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni dereva wake.)

Leo, mbele ya jengo hili, na kwa sababu ambazo zitadhihirika hatujaweza kukutana ndani yake, nina heshima kubwa ya kuzindua Mradi Jumuishi wa Kukuza, Kuendeleza na Kudumisha Ukubwa wa Maandishi katika Programu za Uchoraji wa Kompyuta, mradi ambao kifupi cha jina lake kilitoka kirefu kuliko jina, hivyo kamati ikaazimia tuuite Mradi tu. Kamati hiyo nilikuwa peke yangu, lakini mjadala ulikuwa mkali. (Kicheko.)

Tulikotoka ni mbali, ndugu zangu. Zamani, ukipanda ghorofani kwenye chumba cha wachoraji, chumba chenye feni inayozunguka ikijisikia na pazia lililoshikiliwa na pini za karatasi, ungezikuta kompyuta zimewashwa, na ndani yake michoro ya majengo yenu: mistari, miraba, miduara, na katikati ya mistari hiyo maneno madogo kama sisimizi. Maneno hayo ndiyo yanayosema huu ni ukuta, hili dirisha, hiki choo. Mimi nikisimama kwenye kizingiti, mikono nyuma, kama taratibu za ukaguzi zinavyonitaka, sikuona kitu. Nikafanya tathmini ya kina kwa kukunja uso, na tathmini ikabaini kwamba tatizo ni maandishi. Wapo waliodokeza kwamba tatizo ni macho. Wamehamishiwa stoo. (Kicheko kinaanza, kinajikagua, kinakoma.) Na daktari mmoja wa macho, kijana asiye na subira, alinisimamisha mbele ya ubao wake wa herufi akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona ubao uliochapwa vibaya.

(Mwanamke mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi masikioni, anasimama kati ya mafundi cherehani. "Mheshimiwa, tunaomba kuuliza. Tunaingilia wapi?")

Asante sana, Dada. Swali zuri, lenye mashiko, nalo limeshughulikiwa kwa upana katika ukurasa wa mbele. Katibu, ukurasa huo uweke chini kabisa ya toroli.

Na nieleze hapo hapo kuhusu toroli, kwa maana naona mnaiangalia. Hotuba hii niliiandika ikawa kurasa mbili. Lakini kwa kuwa kiongozi bora huanza na nafsi yake, nikaagiza ichapwe kwa herufi za Mradi, na matokeo yake, au kama tunavyosema maofisini, impakti yake, ndiyo hiyo toroli ya kurasa mnayoiona, na kila ukurasa una maneno matatu, ukijaliwa manne. Printa imeomba likizo. Geuza, Katibu. Geuza. Hapa tabasamu, onyesha meno ya juu. (Anasita.) Hilo halikuwa la kusomwa. (Kicheko kirefu. Anatabasamu, anaonyesha meno ya juu.)

Sasa, tulifikaje hapa tulipo? Mchoraji alinieleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mkwewe, kwamba maneno ndani ya programu hizi yana ukubwa wa aina mbili: ukubwa unaouona kwenye skrini, na ukubwa utakaotoka kwenye karatasi ya mchoro. Akasema mtu akitaka kusoma tu, anazungusha kigurudumu cha kipanya kwa kidole, mchoro unamsogelea, anasoma, anaurudisha ulikokuwa, na karatasi haijui lolote lililotokea. Akasema hata kidole kikichoka, pana mahali pa kukuza maneno kwenye skrini peke yake. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa mimi ni kiongozi msikivu, kisha nikamwambia kwamba mkurugenzi hazungushi vigurudumu, na kwamba sera yetu ni uwazi: neno likiwa kubwa, liwe kubwa kweli, kwenye skrini, kwenye karatasi na mbele za watu. Akauliza nikuze mpaka wapi, Mkubwa. Nikarudi kwenye kizingiti, nikaweka mikono nyuma, nikamwambia akuze mpaka niseme basi.

Akakuza. Nikamwambia bado. Akakuza tena. Wachoraji wengine wakaacha kazi zao wakaja kutazama. Nikamwambia bado. Mwisho nikaona herufi M, mabibi na mabwana, imesimama wima, haina mawaa, na machozi yakanilengalenga. Nikasema basi. Pale pale Mradi ukazaliwa. (Makofi. Wafadhili waliovaa nyeupe hawapigi makofi. Upepo unawapepea nguo.)

Tazameni utulivu wa wafadhili wetu! Huo ndio ustaarabu. Wamefika kabla ya kila mtu, wamekaa, wameinamisha vichwa kwa usikivu, hawajaomba maji wala hawajaangalia simu. Nimekuwa nikiwaandikia kwa muda mrefu bila kujibiwa, nikadhani wamenidharau, kumbe walikuwa wanajiandaa. Laiti watumishi wa idara yangu wangekaa hivyo kwa saa moja tu! (Mafundi cherehani wanatazamana. Mmoja anafungua mdomo. Dada anamgusa mkono, naye anaufunga.)

Niingie sasa kwenye takwimu, kwa sababu hotuba bila takwimu ni mazungumzo. Tangu siku ile, maandishi katika idara yangu yamekua kwa asilimia mia nne, wakati michoro yenyewe imebaki ilivyo, jambo linaloonyesha kwamba maneno yetu yanavizidi kasi vitendo vyetu, na hiyo ni dalili ya taasisi iliyokomaa. Wananchi tisa kati ya kila wanane wanaridhika. Tutaunda Kitengo cha Herufi Kubwa, chenye mkuu wake. Kitengo cha Herufi Ndogo, kitakachokuwa chini ya kile kikubwa, kwa sababu zinazojieleza. Na Dawati la Nukta, litakaloendeshwa na ofisa mmoja aliyekaa. Tutakuwa na fremuweki. Tutakuwa na rodimapu. Tutajenga uwezo wa watumishi kwa semina ndani ya hoteli yenye kiyoyozi, kwa maana uwezo haujengeki kwenye joto. Nayo sastenabiliti, yaani uendelevu, tumeizingatia, kwa kuikuza fonti yake.

(Dada anasimama tena. "Mheshimiwa, wingu hilo.")

Nimeliona, Dada. Sijaliona, lakini nimekusikia ukilisema, na serikali inafanya kazi kwa taarifa. Basi nije kwenye jengo, maana naona ukurasa umefika wenyewe, na mkimbia ajali huikuta mbele.

Wote mnajua habari za mafundi hawa. Kibaraza walichokuwa wakishonea miaka yote kimebomolewa juzi kupisha barabara. Sare za shule za mji mzima, mashati ya wahudumu wa hospitali, na hata hii suti yangu, iliyolegezwa mara nyingi kiunoni kwa siri kubwa, vimetoka chini ya sindano zao. Pale kibarazani hawawezi kurudi, na mvua, kama anavyosema Dada, haina mpango wa kutungoja. Cherehani kikilowa kinashika kutu, kikishika kutu kinakula uzi, na fundi asiye na cherehani ni mtu mwenye tepu ya kupimia shingoni tu. Walichoomba, tangu notisi ya barabara ilipotoka, ni kidogo: chumba chenye paa. Nasi tukawapa. Paa hilo hapo. Kuta hizo hapo, nne, zote nzima.

Nzima mno.

Mchoro ulikuja mezani kwangu kwa herufi za Mradi. Nikaona neno MLANGO kutoka mbali, nikaona DIRISHA, nikaona PAA, nikafurahi, nikatia sahihi. Sasa, maneno yalipoanza kuwa makubwa yalikuwa yanalalia mistari, na nilikuwa nimemwagiza Mchoraji ayatandikie weupe kwa nyuma yasomeke vizuri, maana programu inajua kufanya hivyo, ni kama kumtandikia mgeni shuka. Shuka hilo likatanda. Likafunika kizingiti, bawaba, kitasa na mlango wenyewe. Aliyekuwa akiangalia karatasi ile aliona ukuta unakuja kutoka kushoto, unafika kwenye neno, unaendelea kulia. Madirisha yalipona kwa sababu yako juu chini ya paa, na nondo zake hazipitishi hata paka.

Mtasema, je, fundi mwashi hakuona? Fundi aliona. Fundi huyu, katika jengo jingine, aliwahi kuusahihisha mchoro wangu: nilikuwa nimetia sahihi ngazi inayopanda mpaka dirishani, yeye kwa akili zake akaipeleka mlangoni. Nilimwita ofisini nikamsimamisha juu ya zulia. Nikamwambia akili zinaishia kwenye karatasi, kwenye tofali ni mikono, na kuanzia siku hiyo ajenge kama ilivyochorwa. Akiona sahihi yangu asiongeze wala asipunguze. Akanijibu sawa, Mheshimiwa, na mtu huyo, nawaambieni, hana kigeugeu. Amejenga ukuta. Ameupiga lipu. Amepaka mstatili mweupe, na juu ya mstatili ameandika MLANGO kwa rangi nyeusi, herufi zina kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Sijapata kuona neno lililojengwa vizuri namna hii. Yeye na wenzake walitokea juu kwa ngazi kabla bati la mwisho halijapigiliwa, na yupo mmoja ambaye mwiko wake bado uko mle ndani unamngoja. (Kicheko kinapasuka pande zote. Fundi mwashi anasimama, anainamisha kichwa kama anayepokea cheti, anakaa.)

Chekeni, ni haki yenu, na mimi ningekuwa huko chini ningecheka. Mnaniita Herufi Kubwa, mnadhani sijui. Najua. Mke wangu aliniambia, kisha akaniita hivyo hivyo mezani. Lakini niwaulize, ni mji gani mwingine wenye mlango unaosomeka kutoka barabara ya tatu?

(Tone la mvua linaanguka kwenye kipaza sauti. Kinalia. Dada anakuja mpaka chini ya jukwaa. "Mdogo wangu, maliza.")

Namalizia, Dada. Utepe upo, umefungwa kwenye misumari miwili ukutani, nitaukata, na nyuma yake mtauona ukuta kwa mara ya kwanza rasmi. Lakini kabla ya hapo, kwa kuwa mwungwana hushukuru, nashukuru.

Namshukuru mkufunzi wa Mradi, ambaye hajateuliwa. Nawashukuru washiriki wa semina ya kwanza, ambao majina yao yatapatikana semina ikipatikana. Namshukuru mzabuni wa kompyuta mpya, ambaye naamini mahali fulani yupo. Namshukuru Mchoraji, ambaye baada ya ukuta huu kukamilika aliyarudisha maneno yote kwenye ukubwa wake wakati nakunywa chai, na chai ilikuwa bado ya moto nilipoambiwa, jambo lililonisikitisha kidogo kwa sababu Mradi umepangiwa miaka mitano. Na zaidi ya wote, nawashukuru ninyi Wafadhili, mlioketi kule, maana bila ninyi Mradi huu ungekuwa maneno matupu. Naomba msimame tuwapigie makofi. (Hakuna anayesimama.) Msione haya, waheshimiwa. Simameni. (Nguo nyeupe zinapepea.) Kauli mbiu yetu, tuseme wote! Herufi kubwa! (Watoto wanaendelea na soda zao.) Neno likuzwe! Simameni, basi, hata mmoja kwa niaba ya wengine.

(Dada anapanda jukwaani. Anavua miwani yake, anaufungua uzi, anamshika mdogo wake kidevu kama anayempima kola, anamvisha, anafunga uzi nyuma ya masikio. "Vaa. Kisha watazame wageni wako.")

Dada, mbele za watu... (Anatazama mbele. Anatazama nyuma.)

Dada.

Hao ni vyerehani.

("Ni vyerehani, mdogo wangu. Tumevifunika shuka visipate vumbi. Tangu asubuhi unaviamkia.")

Nimeviamkia. Nimeviita waheshimiwa. Nimeviomba visimame. (Hakuna anayecheka. Matone yanaongezeka juu ya shuka.) Na kile cha tatu, chenye gurudumu lililochomelewa, shuka lake limeteleza... kile ndicho kilichonishonea kaptura ya kwanza ya shule, Dada. Uliishona kubwa, ukasema nitakua. Nimekiita mfadhili, na katika wote niliowataja leo ni hicho peke yake nilichokisemea kweli.

Naona aibu, ndugu zangu. Sina neno jingine, na nimeangalia kwenye toroli, Katibu, humo pia halimo. Fundi mwashi! Chukua nyundo, vunja ukuta, mvua hii.

(Fundi mwashi anasimama na nyundo tayari mkononi. Hasogei. "Mheshimiwa, nijenge au nivunje, lazima pawe na mchoro wenye sahihi. Ulinielekeza juu ya zulia.")

Fundi, si wakati wake.

("Kama ilivyochorwa, Mheshimiwa. Wala nisiongeze, wala nisipunguze.")

Jamani. Mchoraji, basi, kimbia ofisini, chora, chapa, lete nitie sahihi. Printa iko likizo? Mimi ndiye niliyesema hivyo, ulikuwa utani! Haukuwa utani? Imekufa kwa hotuba hii? (Mchoraji anaitikia kwa kichwa kutoka nyuma ya spika.) Basi nimejichimbia kaburi na kulipiga lipu.

(Dada anatoa mfukoni kipande cha chaki ya kuchorea vitambaa, anakiweka kiganjani mwa Mkurugenzi. "Sahihi unayo. Tuchoree mlango.")

Mimi sijawahi kuchora, Dada, nimesema hapa mbele ya... mbele ya vyerehani vyote.

("Una ule mkia.")

(Mkurugenzi anashuka jukwaani na kipaza sauti mkononi. Anaukata utepe, unaanguka. Anasimama mbele ya neno MLANGO, karibu, mahali ambapo hajawahi kusimama karibu na mchoro wowote.)

Kwa karibu ni rangi tu, ndugu zangu, hata haisomeki. Haya. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa miwani niliyoazimwa, natia sahihi. Jina langu hapa kati, dogo, halina maana. Sasa mkia: unaanzia chini kabisa, hapa miguuni pangu. Unapanda. Dada, nisogezee kiti. Unapanda mpaka hapa. Unakwenda kando, unapita juu ya herufi M peke yake. Unateremka. (Anapiga magoti, suti inapasuka kiunoni mahali palipolegezwa.) Unateremka mpaka chini. Basi. Nimesema basi. Fundi, sahihi hiyo hapo.

(Fundi mwashi anaupima mstari wa chaki kwa jicho, anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, anapiga. Lipu inamwagika, kisha tofali, kisha matofali. Herufi M inaanguka. Mwangaza unaingia ndani, na mtu anasikika akisema mwiko wangu huu hapa. Mvua inashika kasi.)

Vyerehani, upesi! Anayebeba abebe, asiye na nguvu ashike mguu wa meza. Makaimu, nanyi, wekeni vitambulisho mfukoni. Mashuka yamelowa? Katibu, leta toroli! Kurasa zote! Zifunike! Hiyo yenye IMPAKTI ni pana, iweke juu ya mashine ya mama yule. FREMUWEKI hapa. Hizo za shukrani pia, hazina kazi nyingine. (Kurasa zinagawiwa. Vyerehani vinapita kwenye tundu kimoja kimoja, ubavuubavu, kila kimoja na maneno makubwa juu yake. Makofi, na safari hii si ya dereva peke yake.)

Ndugu zangu, nimalize nikiwa nalowa, labda itanifupisha. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mradi niliouzindua leo hamtauona popote, kwa sababu haukuwapo. Hakukuwa na wafadhili, hakukuwa na fremuweki, wala lile Dawati la Nukta halijawahi kuwa na hata kiti. Palikuwa na mtu mzima asiyetaka kuvaa miwani, na hotuba yake. Na hotuba yenyewe, kama mnavyoona, imeshaingia ndani kabla yangu. Nami sasa naomba kuingia, nikae na dada yangu.

(Anaingiza bega. Anaingiza mguu. Tumbo linabaki nje. Anajaribu ubavuubavu, kama cherehani. Tumbo linabaki nje. Cheko kubwa kutoka ndani, la Dada likiwa juu ya yote.)

Fundi. Ongeza kidogo upande huu.

("Kama ilivyochorwa, Mheshimiwa.")

Sawa. Ni kweli. Sawa. (Anafuta lenzi za miwani kwa tai. Anakaa juu ya toroli tupu, mvua ikimnyeshea. Anamtafuta Mchoraji, anamwona, uso mzima, kwa mara ya kwanza.) Mchoraji, sogea hapa, mwanangu. Ule ukubwa wa kwenye skrini, na ule wa kwenye karatasi. Nieleze tena. Taratibu.